Usaili wa chemshabongo ya runinga: fikiria kwa sauti

Kwa wenzangu wa Kisumu mnaojiandaa kwa usaili wa chemshabongo ya runinga: jizoeze kutoa jibu pamoja na njia iliyokufikisha hapo. Mwombe dada yako au jirani akusomee maswali huku akikutazama usoni. Akiuliza reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka gani, usitaje 1901 ukanyamaza. Sema, "Ujenzi ulianza 1896, Nairobi ikafikiwa 1899, Bonde la Ufa lilikuwa bado halijavukwa, basi huku ziwani ni 1901." Majibu msaili anayo kwenye karatasi, anachotafuta ni mtu ambaye mtazamaji nyumbani atakisia pamoja naye. Hata ukikosea, ameshasikia unavyopima mambo, na hilo lina uzito sana. Fanyia mazoezi penye kelele pia, hata kwenye steji ya matatu, ili sauti izoee kutoka watu wakiwepo. Mbinu hii haifai kwenye mtihani wa kuandika wala raundi ya kubonyeza kengele. Hapo toa jibu tupu, haraka. Na kama swali hulijui kabisa, usizungukezunguke. Sema hujui, usubiri linalofuata.