Protini na umbo lake: mwongozo wa vitendo kwa yai, papai bichi, pweza na simu

Nafundisha baiolojia Kidato cha Tano na cha Sita hapa Mtwara, na sijaona mada inayokaririwa kama ya protini. Mwanafunzi anakutajia ngazi nne za muundo bila kukwama. Muulize kwa nini yai lililochemshwa halirudi kuwa majimaji likipoa, anakutazama. Mwongozo huu ndio ninaoutumia kuwatoa huko. Tunaanza na vitu vya jikoni, kisha tunaingia kwenye simu, na kwenye hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, tutakaa kwa muda, kwa sababu selimundu, ugonjwa wa kurithi wa protini hiyo, imo kwenye familia zetu na inastahili kueleweka sawasawa.

Andaa yai moja, ndimu mbili, papai bichi, nyama ya ng'ombe kidogo, mshipi wa kuvulia na simu yenye bando. Kurasa tutakazofungua hazili bando kama video.

Hatua ya 1: Kunja mshipi

Kata mshipi wa sentimeta 212. Funga uzi mwekundu kwenye sentimeta ya 25 na uzi mweupe kwenye ya 159. Ukiunyoosha mezani, nyuzi hizo mbili ziko mbalimbali, zaidi ya mita moja. Sasa ukunje kiganjani mpaka zigusane.

Protini ni mnyororo wa asidi amino, ambazo ziko aina 20, zimepangwa kwa mfuatano ulioandikwa kwenye jeni. Mnyororo huo ukishatengenezwa hujikunja. Asidi amino zisizopenda maji hujificha ndani, zinazopenda maji hubaki nje, chaji chanya na hasi huvutana, na vifungo vya hidrojeni hushikilia sehemu zilizosokotwa, yaani heliksi alfa, na sehemu zilizolala bapa, yaani beta. Kukunjika huko ndiko kunakowakutanisha waliokuwa mbali. Usiutupe mshipi, tutauhitaji.

Hatua ya 2: Fumua ute wa yai

Gawa ute wa yai kwenye glasi tatu. Ya kwanza mimina maji yaliyotoka kuchemka. Ya pili kamulia ndimu, koroga, uache. Ya tatu usiiguse, ni ya kulinganishia.

Ya maji moto inageuka nyeupe papo hapo. Ya ndimu inaingia ukungu polepole, kwa hiyo uwe na subira. Ute ni maji kwa takriban asilimia 90 na sehemu kubwa ya kinachobaki ni protini, hasa ovalbumini. Joto limetikisa vifungo dhaifu vilivyoshikilia mkunjo, na asidi imevuruga chaji. Minyororo imefumuka, sehemu zisizopenda maji zimetoka nje, zikashikana na za minyororo jirani, na mabonge hayo yanatawanya mwanga, ndiyo maana unaona weupe.

Angalia sana hapa: mnyororo haujakatika. Asidi amino ni zilezile, kwa mfuatano uleule. Wanafunzi wengi huandika kwamba joto "linavunja protini vipande vipande" na wanapoteza alama. Kilichopotea ni mkunjo, na kazi imeondoka nao.

Je, mkunjo unaweza kurudi? Christian Anfinsen wa Marekani alilijibu swali hili kwa ribonyuklezi, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) chenye asidi amino 124. Alikifumua kwa kemikali, kikaacha kufanya kazi. Alipoziondoa kemikali hizo, kilijikunja chenyewe na kazi ikarudi. Maana yake, maelekezo ya kujikunja yamo ndani ya mfuatano wenyewe. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1972. Yai letu halirudi kwa sababu minyororo yake imekwisha kushikana yenyewe kwa yenyewe.

Hatua ya 3: Papai bichi na nyama

Wapishi wa pweza huku kwetu hawahitaji kuambiwa kwamba papai bichi linalainisha. Tutafute linalainisha kwa nini.

Vaa glovu, maana utomvu unawasha ngozi. Kwangua papai bichi pamoja na ganda lake. Nusu yake ichemshe kwa robo saa, iache ipoe kabisa. Kata vipande viwili vyembamba vya nyama, vinavyolingana. Kimoja kifunike kwa papai bichi, kingine kwa papai lililochemshwa. Baada ya saa mbili visuuze, uvibonyeze kwa uma. Cha papai bichi kimelegea na juu kinateleza, cha pili kimebaki na ugumu wake. Nyama hiyo itupe, haikupikwa.

Kilichofanya kazi ni papaini, kimeng'enya kinachokata protini nyingine. Kina asidi amino 212, na sasa mshipi wako umepata jina. Umbo lake ni la mabonge mawili yenye ufa katikati. Kwenye ukuta mmoja wa ufa kuna sisteini, asidi amino ya 25. Ukuta wa pili unaoitazama kuna histidini, ya 159. Histidini husaidia kuiamsha salfa ya sisteini, na salfa hiyo ndiyo inayoshambulia mnyororo wa nyama ulioingia ufani. Ukichemsha papaini, asidi amino zote 212 bado zipo, ila 25 na 159 hazitazamani tena.

Kwa anayepika: mpake pweza papai mapema, kabla hajaingia jikoni. Ukilitia kwenye sufuria ambayo tayari inatokota, papaini inafumuka kabla haijafanya la maana.

Hatua ya 4: Fungua hemoglobini kwenye simu

Nenda rcsb.org. Hii ni tovuti ya Protein Data Bank, hazina ya maumbo ya protini iliyoanzishwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7 tu. Ni bure na huhitaji kujisajili. Kwenye sehemu ya kutafuta andika 4HHB, ambayo ni hemoglobini ya binadamu isiyo na oksijeni. Ukurasa ukifunguka, gusa palipoandikwa "Structure", kisha laza simu ili kioo kiwe kipana.

Zungusha umbo kwa kidole. Tafuta haya:

Minyororo minne, kila mmoja na rangi yake. A na C ni alfa, wenye asidi amino 141 kila mmoja. B na D ni beta, wenye 146. Hii ndiyo ngazi ya nne ya muundo unayoikariri, sasa unaiona. Karibu kote ni heliksi. Usihangaike kutafuta mabapa ya beta humu, hayamo. Jina la mnyororo na jina la bapa ni mambo mawili tofauti.

Vibati vinne bapa, kila mnyororo na chake. Hizo ni hemi, na kitufe cha katikati ni chuma. Gusa chuma cha mnyororo A, vuta karibu, utaona histidini namba 87 imekishika upande mmoja. Upande wa pili ni wazi, ndipo oksijeni inapokaa.

Sasa fungua 1HHO, hemoglobini yenye oksijeni. Oksijeni ikikaa, chuma husogea kidogo sana kuingia usawa wa hemi. Kikisogea kinaivuta ile histidini, histidini inavuta heliksi yake, na mwisho wa mvutano huo nusu moja ya molekuli inazunguka takriban digrii 15 dhidi ya nusu nyingine. Molekuli iliyokwisha kuzunguka hivyo inaipokea oksijeni inayofuata kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana hemoglobini hujaza mzigo haraka kwenye mapafu na kuushusha kwenye misuli. Max Perutz aliifanyia kazi protini hii kwa miaka zaidi ya ishirini kabla ya kuliona umbo lake, akashiriki Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1962 na John Kendrew. Wewe unaliona ukiwa umekaa barazani, na kwangu hilo si jambo dogo.

Hatua ya 5: Selimundu, asidi amino moja

Hapa usikimbie.

Rudi 4HHB, tazama mfuatano wa herufi juu ya umbo, chagua mnyororo B. Kila herufi ni asidi amino moja. Unaanza hivi: VHLTPEEK. Sasa fungua 2HBS, hemoglobini ya selimundu, chagua mnyororo B tena: VHLTPVEK. Hesabu mpaka ya sita. E imekuwa V. Asidi glutamiki imeondoka, valini imekaa mahali pake. Nyingine 145 za mnyororo huo ni zilezile. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa ina chaji tofauti, na mwaka 1956 Vernon Ingram akaanza kuionyesha tofauti yenyewe iko wapi.

Sasa swali ninalowauliza wanafunzi wote: je, umbo la hemoglobini limebadilika kuwa mundu? Wengi wanajibu ndiyo. Tazama simu yako. Weka molekuli moja ya 2HBS karibu na 4HHB. Heliksi ni zilezile, hemi ni zilezile, mkunjo unakaribia kufanana kabisa. Kinachopinda kuwa mundu ni chembe nyekundu ya damu, siyo protini.

Basi kosa liko wapi? Liko juu ya uso wa molekuli. Glutamiki ina chaji hasi na inapenda maji, kwa hiyo kukaa nje kunaifaa. Valini haipendi maji, na imewekwa nje bila mahali pa kujificha. Hemoglobini ikishusha oksijeni, ule mzunguko wa hatua ya nne hufunua kijishimo kwenye mnyororo beta, kati ya fenilalanini 85 na lusini 88, nazo hazipendi maji. Valini ya molekuli jirani inazama humo. 2HBS imewekwa molekuli mbili kwa makusudi ili uone jambo hilo. Lazima uone minyororo minane. Ukiona minne, badilisha "Assembly" iwe "Model". Gusa valini ya sita kwenye kila mnyororo beta, mmoja baada ya mwingine, mpaka uipate iliyozama kwa jirani.

Molekuli ya pili inaishika ya tatu, ya tatu inaishika ya nne, na chembe moja nyekundu ina hemoglobini takriban milioni 270. Zinajipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma chembe kutoka ndani hadi ipinde, na chembe iliyopinda inakwama kwenye mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu yanapotoka. Upungufu wa maji mwilini unaziweka molekuli karibu zaidi na nyuzi zinaundwa haraka, ndiyo sababu mgonjwa husisitizwa kunywa maji. Dawa ya hidroksiurea huongeza hemoglobini ya kichanga, ambayo haishiriki vizuri katika kujenga nyuzi hizo.

Kuna jaribio la asili linalothibitisha haya. Katika hemoglobini C, inayopatikana zaidi Afrika Magharibi, ni nafasi ileile ya sita iliyobadilika, ila aliyekaa hapo ni lisini. Lisini ina chaji na inapenda maji. Nyuzi zile haziundwi, na ugonjwa wake ni mwepesi zaidi. Kwa hiyo usiandike tu kwamba asidi amino imebadilika. Sema imekuwa ipi, iko wapi, na inamgusa nani.

Mwenye nakala moja tu ya jeni ya selimundu kwa kawaida haugui, na ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison alilichapisha mwaka 1954 baada ya utafiti Afrika Mashariki. Malaria bado tunayo, basi na jeni inaendelea kuwapo. Mnaopanga kuoana, nendeni mkapime wote wawili.

Hatua ya 6: Pweza

Wanaovua pweza maji yakipwa, Mikindani au Msangamkuu, wanajua hana damu nyekundu. Damu yake ikishika oksijeni huwa ya bluu hafifu. Andika 1JS8. Hicho ni kipande cha hemosayanini, protini ya damu ya pweza, kutoka kwa pweza mkubwa wa Bahari ya Pasifiki. Usitafute hemi wala chuma. Tafuta vitufe viwili vya shaba vilivyokaa jirani, kila kimoja kimeshikwa na histidini tatu. Oksijeni hukaa katikati yake.

Mkunjo wake haufanani na wa hemoglobini hata kidogo, na kazi ni ileile ya kubeba oksijeni. Mimi hukiweka kipande hiki baada ya selimundu kwa makusudi. Kule ulikuta mikunjo miwili inayofanana yenye matokeo tofauti kabisa. Hapa kuna mikunjo miwili tofauti yenye kazi moja. Anayeweza kueleza yote mawili kwa kutaja atomu zinazogusana, huyo ameielewa mada.

Hatua ya 7: Protini yako mwenyewe

Kama protini unayoitaka haimo rcsb.org, jaribu hazina ya AlphaFold, alphafold.ebi.ac.uk, yenye maumbo zaidi ya milioni 200 yaliyokadiriwa na kompyuta. Demis Hassabis na John Jumper walishiriki Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2024 kwa kazi hiyo; mwenzao David Baker alituzwa kwa kubuni protini mpya. Sehemu za bluu iliyokoza ziamini. Za rangi ya machungwa zitilie shaka, mara nyingi ni sehemu za mnyororo zisizo na mkunjo maalumu.

Jizoeze kwa P68871, ambayo ni beta ya hemoglobini yetu. Glutamiki ile utaikuta namba 7 badala ya 6, kwa sababu hapo wanahesabu na methionini ya mwanzo, ambayo mwili huikata mnyororo ukiwa unatengenezwa. Na usitarajie mkunjo uliokadiriwa ukuonyeshe ugonjwa: utaona beta moja iliyokunjika vizuri, peke yake, bila jirani wa kuishika.