Kunyoa kitako cha bakuli kwa gripu: usikaze kama nati ya tairi

Wale mnaotumia Giffin Grip kwenye gurudumu la ufinyanzi kunyoa kitako, yaani kukwangua udongo uliozidi chini ya bakuli likiwa limefudikizwa, ile sahani yenye vishikio vitatu vinavyosogea pamoja kwenda katikati, jamani msiikaze sana. Inashika bakuli na kuliweka senta yenyewe, raha tupu, lakini udongo ukiwa bado laini vile vishikio vinaubana kwa pande tatu na hutaona kitu mpaka ugeuze bakuli ukute mdomo umekuwa kama pembetatu, mimi nimeharibu mawili hivyo hivyo kwa haraka zangu.

Subiri udongo ufike nusu mkavu, yaani ukibonyeza kwa ukucha alama inabaki ila kidole hakizami. Halafu kaza taratibu mpaka bakuli lisicheze, basi, na ukinyoa weka kidole cha mkono mwingine juu ya kitako ukandamize kidogo, hicho kidole ndo kinafanya kazi kubwa kuliko gripu.

Kingine, kama mdomo wa chombo haukuwa duara toka mwanzo gripu haitakusaidia, itashika pale palipotokeza na kitako kitaenda upande. Hapo rudi kwenye njia ya zamani, tafuta senta kwa mkono alafu bandika vidonge vitatu vya udongo laini kuzunguka mdomo.

Na yale maganda ya udongo yanayodondoka ukinyoa yanaingia kwenye reli za vishikio, yasipotolewa vinakwama. Mswaki mkuukuu unatosha.