Oti za kuokwa kwa ndizi na embe

Kitindamlo hiki hakitiwi sukari wala unga wa ngano, na kipande kimoja kinashibisha hasa. Nyuzinyuzi za oti hulainika kwenye maziwa zikawa kama ute, na ute huo ndio unaofanya chakula kikae tumboni.

Kwa watu sita, chukua chombo cha kuokea cha sentimita 20 kwa 20, ukipake siagi. Andaa oti bapa vikombe 2 (kama gramu 180), maziwa kikombe 1½, mayai 2, ndizi mbivu 2 kubwa na embe la kutosha kikombe kimoja cha vipande. Viungo ni beking poda kijiko cha chai 1, iliki ya kusaga nusu kijiko, mdalasini kidogo na chumvi kiasi cha kubana kwa vidole. Kikombe kiwe cha mililita 250.

Ndizi ndiyo sukari yako, kwa hiyo ngoja hadi ganda liwe na madoa meusi. Embe litafute lisilo na nyuzi, ngowe kwa mfano.

Washa oveni nyuzi 180. Ponda ndizi, piga pamoja na mayai, kisha tia maziwa. Changanya oti na viungo vyote vikavu pembeni. Beking poda ikirushwa moja kwa moja kwenye maziwa hufanya madonge. Unganisha, tia nusu ya embe, mimina chomboni na uache dakika 10 oti zinywe maziwa. Embe lililobaki panga juu. Oka dakika 35 hadi 40: kingo ziwe za kahawia na katikati pasichezecheze ukitikisa chombo.

Kwenye jiko la mkaa, tumia sufuria nzito. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Ukikosea hapo, chini kutaungua na juu kutabaki kubichi.

Kitindamlo kikitoka rojorojo, mara nyingi kosa ni maji ya matunda. Ukiweka papai, punguza maziwa robo kikombe. Tikiti maji usijaribu kabisa. Nanasi bichi hugandisha maziwa na kuyatia uchungu, hivyo lichemshe kwanza dakika 5, kisha chuja. Oti za kupikwa haraka nazo hugeuka uji mzito. Zile ngumu za kukatwakatwa hazitaiva kwa muda huu. Tui la nazi linafaa badala ya maziwa, ila tumia lile jepesi, la sivyo mafuta yataelea.

Usikikate kikiwa moto. Subiri dakika 20 kijikaze, ndipo vipande visimame. Kwenye friji hukaa siku 3. Ukikipasha moto, nyunyizia maziwa kidogo kwanza, maana oti huendelea kunyonya hata zikiwa baridi.