Somo: milango ya sodiamu kwenye ubongo, na kwa nini dawa ya kifafa inayomtuliza huyu inaweza kumzidishia yule

Haya wadau, twende taratibu, hili somo nalipenda sana.

Hatua ya 1. Seli ya neva ikitulia, ndani yake ni hasi, kama milivolti -70 ukilinganisha na nje. Sodiamu imejaa nje, na milango yake, yaani vitundu vya protini kwenye utando wa seli vinavyoipitisha, imefungwa.

Hatua ya 2. Seli zingine zikiisukuma ikafika kama -55 milango inafunguka, sodiamu inamiminika, ndani panageuka chanya, na yote hayo ndani ya milisekunde moja hivi. Wanasayansi Hodgkin na Huxley ndo waliofafanua hesabu zake mwaka 1952 kwa kutumia neva nene ya ngisi.

Hatua ya 3, tulia hapa. Mlango una kizibo chake kwa ndani, ukifunguka tu kinauziba, na haufunguki tena mpaka milivolti za seli zishuke tena. Kizibo kikilegea sodiamu inazidi kuvuja na seli inafyatua hovyo, hapo kifafa kinaweza kuanza. Dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini zinaushikilia mlango ukiwa umezibwa, ndo maana zinaibana zaidi seli inayofyatua mfululizo kuliko iliyotulia.

Hatua ya 4. Sasa kuna ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali cha utotoni, mara nyingi jeni ya SCN1A inayotengeneza milango hii ina hitilafu na milango inapungua. Ungedhani ubongo utapoa, kumbe milango hiyo inategemewa zaidi na seli za breki, zile zinazotuliza wenzao. Mtoto anaanza degedege refu la homa kabla hajatimiza mwaka, ukimpa dawa ya kuziba sodiamu unazidi kuua breki zilizobaki!

MASWALI

— Huku kwetu pwani samaki bunju anaua, ndo mambo haya haya?
Ndo yenyewe. Sumu yake inaziba mlango kwa nje, midomo inakufa ganzi halafu misuli ya kupumua inagoma. Na kupika hakuiondoi.

— Mwanangu anatumia kabamazepini, nimwachishe?
Usimwachishe mama, kukata ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Dravet ni nadra. Andika degedege lilimwanza na umri gani, alikuwa na homa au hana, na tangu aanze dawa degedege limepungua au limeongezeka, umpelekee daktari karatasi hiyo mapema.

— Nikipunguza chumvi kwenye chakula itasaidia?
Hapana ndugu, sodiamu ya damu ikishuka sana ndo yenyewe inaleta degedege.