Kabla ya kupima sukari, mnawishe mikono

Kama unampima mzazi sukari nyumbani kwa glukomita (kimashine cha kupimia sukari kwenye damu), mnawishe mikono kwa maji na sabuni kabla hujamchoma, kisha mkaushe vizuri. Akiwa ametoka kumenya embe au chungwa, maji ya tunda yaliyobaki kidoleni huchanganyika na tone la damu, na mashine inasoma juu kuliko hali halisi. Kufuta kwa pamba yenye spiriti pekee hakuondoi sukari hiyo vya kutosha. Nalisisitiza hili kwa sababu anayetumia insulini akiongezewa dozi kwa namba ya uongo, sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu.

Hakuna maji karibu? Futa tone la kwanza, pima la pili, bila kukamua kidole kwa nguvu. Choma pembeni mwa ncha ya kidole. Katikati panauma zaidi, na wazee wetu wanachomwa kila siku, jamani.

Namba isipoendana na hali yake, mnawishe tena urudie. Ila akitetemeka na kutokwa jasho jembamba, dalili za sukari kushuka, na anaweza kumeza, mpe kwanza kinywaji chenye sukari.