Usimsome Lincoln bila kalenda

Kila nikifundisha Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, darasa hugawanyika. Huyu anasema Abraham Lincoln, rais wa wakati huo, alikuwa mkombozi wa watumwa, yule anasema mnafiki, na kila mmoja ana nukuu yake mkononi. Ukiwauliza aliyasema lini, kimya. Basi mimi huwafanyisha hivi.

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika alichosema na tarehe yake. Kulia, mambo yaliyokuwa yakiendelea siku zile zile.

Anza na 1837, akiwa mbunge kijana katika bunge la jimbo la Illinois. Yeye na mwenzake mmoja waliandika kwamba utumwa ni dhuluma, halafu papo hapo wakawalaumu wakereketwa wa kuukomesha kwamba wanazidisha madhara yake. Ukiishia hapo utamwona mwoga. Kulia andika: bunge lilikuwa limepitisha azimio la kuwalaani wakereketwa hao, na kura 6 tu zilipinga, yake ikiwemo.

Ruka hadi Septemba 1858, mjini Charleston, Illinois. Anatamka hadharani kwamba hataki watu weusi wapige kura. Usiifiche, utaihitaji.

Sasa tulia kwenye 1862, maana hapa ndipo wengi huteleza. Tarehe 22 Agosti anamwandikia mhariri Horace Greeley kwamba kama angeweza kuuokoa Muungano, yaani Marekani ibaki nchi moja, bila kumwachia huru mtumwa hata mmoja, angefanya hivyo. Kulia: tangu 22 Julai alikwisha kuwasomea mawaziri rasimu ya tangazo la kuwaweka watumwa huru. Waziri wa mambo ya nje, Seward, alimshauri asubiri jeshi lishinde kwanza. Rasimu iko mezani, yeye anaandika kana kwamba hajaamua!

Mwanafunzi wa kundi la mkombozi atashangilia. Mpe tarehe 14 Agosti: Lincoln anawaita wajumbe weusi Ikulu na kuwashauri wenzao wahamie nje ya nchi. Hilo nalo liandikwe, kwa wino ule ule.

Malizia na 11 Aprili 1865. Kutoka dirisha la Ikulu anasema angependa baadhi ya watu weusi wapige kura, wenye elimu na waliopigana vitani. Chora mshale kutoka Charleston hadi hapa. Kulia andika: John Wilkes Booth, mwigizaji aliyempinga, yumo katika umati, anasikiliza. Siku tatu baadaye anampiga risasi.