Kufungua Mafaili Yaliyobanwa kwa Amri za Linux

Kazi nyingi zinazonifikia hapa Kariakoo, ninakotengeneza kompyuta, ni nakala za akiba za hesabu za maduka, na karibu zote huja kwenye flashi zikiwa na jina linaloishia kwa .tar.gz au .zip. Mwishilio wa kwanza una sehemu mbili kwa sababu tar hukusanya mafaili mengi kuwa moja bila kuyabana, na gzip ndiyo huyabana. Zip hufanya kazi zote mbili peke yake.

Hatua ya kwanza: hakiki faili lenyewe.

file hesabu.tar.gz
gzip -t hesabu.tar.gz

Amri ya kwanza haitegemei jina, bali husoma yaliyomo na kutaja aina halisi. Mara kadhaa nimeletewa "faili lililobanwa" ambalo kumbe ni ukurasa wa kuongeza salio, uliohifadhiwa kwa jina hilo baada ya bando kuisha. Amri ya pili ikinyamaza, faili ni zima. Ikilalamika kwamba faili limeishia njiani, lipakue upya.

Hatua ya pili: pima nafasi. Amri gzip -l hesabu.tar.gz huonyesha ukubwa baada ya kufunguliwa, nayo df -h huonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski. Matoleo ya gzip yaliyotangulia 1.12 hutoa tarakimu isiyo sahihi yaliyomo yakizidi GB 4, kwa hiyo usiitegemee kwa nakala kubwa.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka: tazama orodha kabla ya kufungua.

tar -tzf hesabu.tar.gz | less

Ikiwa kila mstari unaanza na jina la folda moja, kwa mfano hesabu/, vyote vitaingia humo. Mistari ikianza na majina tofauti, mafaili yatatawanyika kila mahali kwenye folda uliyopo.

Hatua ya nne: fungua ndani ya folda tupu.

mkdir ~/kazi
tar -xzf hesabu.tar.gz -C ~/kazi

Herufi x ni ya kutoa, z ni ya gzip, na f hufuatwa na jina la faili, ndiyo maana huwekwa mwisho. Folda inayotajwa baada ya -C lazima iwepo tayari, kwani tar haiiundi.

Ninasisitiza folda tupu kwa sababu tar haiulizi: ikikuta faili lenye jina lilelile, huweka la kwenye nakala juu ya lililopo kimyakimya. Niliwahi kufungua nakala ya mwezi uliopita ndani ya folda ya mteja, nikafuta mauzo ya wiki tatu, tukakesha tukiyaandika upya kutoka kwenye stakabadhi. Ukilazimika kufungua penye mafaili, ongeza -k ili yaliyopo yasiguswe.

Ukihitaji faili moja tu, liandike mwishoni kama lilivyo kwenye orodha:

tar -xzf hesabu.tar.gz -C ~/kazi hesabu/machi.ods

Kwa zip, orodha hutolewa na unzip -l. Programu hii ina adabu zaidi, kwani huuliza kabla ya kufuta chochote na huunda folda yenyewe. Jina lenye nafasi, kama wateja wangu wanavyopenda, lifungwe kwa alama za nukuu:

unzip "hesabu za machi.zip" -d ~/machi